Tulikuwa Tukilinda Kifua

Fahali wa kijiji chetu alikuwa ameshinda pambano la mafahali asubuhi ile, kwa hiyo mjomba alirudi kutoka uwanjani Khayega akiwa na vumbi hadi kwenye kope, ngoma ikining'inia begani. Akaketi kwenye benchi nje ya jiko, akaninyoshea mkono wa kulia kama mtu anayepimwa pete.

"Mwiwa, wewe ni mtu wa hesabu. Hesabu hii."

Mwiwa, huko kwao mama, ni mtoto wa dada. Na mtu wa hesabu ni kweli: mimi ni mhasibu wa sacco moja hapa Kisumu, kutwa nalinganisha safu za tarakimu. Nikaweka vidole viwili chini ya kidole gumba chake, nikawasha saa ya simu. Sekunde 15 za kwanza nilipata mapigo 31. Sekunde 15 zilizofuata, 19. Halafu 27. Halafu 24.

"Mia moja na moja," nikamwambia.

"Sikukuuliza jumla. Nimekuuliza yanakwendaje."

Sikuwa na jibu. Yeye alikuwa nalo. Mjomba amepiga ngoma ya isukuti tangu akiwa darasa la nne. (Mwaka 2014 UNESCO iliiweka isukuti kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, na mjomba hulitaja jambo hilo kila anapotaka kuongezewa nauli.) Akaniambia hivi: "Mpigaji akichelewa, nasikia amechelewa. Akiruka pigo, nasikia ameruka, maana najua lilipopaswa kukaa. Haya ya moyo wangu hayachelewi wala hayaruki. Hayana pa kukaa."

Laiti ningenyamaza hapo. Nikasema, kwa ile sauti yetu sisi tuliokwenda shule: "Mjomba, hiyo ni dalili ya mshtuko wa moyo."

Maneno hayo yamenikaa kooni hadi leo.

Aspirini

Nilichofanya baada ya hapo nilikifanya kwa upendo na kwa haraka. Kabla matatu ya kurudi Kisumu haijajaa, nilikuwa nimeshapita kwa kemisti nikanunua aspirini, ile ndogo ya kumeza kila siku. Muuzaji hakuniuliza mengi. "Watu wa moyo ndiyo wanayotumia," akasema, nami nikalipa kwa M-Pesa nikijiona nimeokoa mtu.

Nilimwachia mkaza mjomba maagizo. Kifua kikimbana, atupigie simu. Maumivu yakipanda kwenye taya au kushuka mkono wa kushoto, atupigie. Jasho baridi, atupigie. Asikasirishwe. Asipige ngoma. Mama yule alishika zamu kama askari wa benki. Kila usiku kabla ya kuzima taa aliuliza, "Kifua je?" Na mjomba alijibu, "Kifua kiko."

Usiku wa kumi na nane kifua kilikuwa kiko. Asubuhi ya kumi na tisa, Jumatano, simu yangu iliita kabla sijafunga mkanda wa sketi.

"Mjomba wako anaongea kama mtu mwenye ugali mdomoni. Na kikombe kimemtoka mkononi, hakukihisi."

Kikombe kilitoka mkono wa kulia. Mkono wa ngoma.

Alikuwa amelala mzima, akaamka hivyo, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuwaambia madaktari kilianza saa ngapi. Swali hilo waliliuliza mara tatu, na mara ya tatu ndipo nilipoelewa kwa nini. Iko dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye ubongo, lakini kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili ya kwanza, na baada ya picha ya kichwa kuonyesha kwamba hakuna mshipa uliopasuka. Usiku hauna shahidi. Picha ilipopigwa ilionyesha mshipa ulioziba upande wa kushoto wa ubongo, ule unaoamrisha mkono wa kulia na ambako watu wengi wameweka usemi wao.

Kiharusi.

Kifua hakikumuuma hata siku moja.

Mshtuko, presha, roho juu

Wiki nzima nilikasirikia kila kitu. Nilikasirikia zahanati ndogo ambako mjomba alikuwa amekwenda kwa kizunguzungu miezi miwili kabla ya siku ya fahali. Mashine yao ya presha iliandika kosa mara mbili, ya tatu ikatoa 168 kwa 102. Wakampa vidonge vya presha, ambavyo alivimeza siku alizokumbuka, na hakuna aliyemshika kifundo cha mkono. Sasa najua kwamba mashine hizo huchanganyikiwa mapigo yakikosa mpango, na kwamba ikiandika kosa mara mbili mfululizo yafaa mtu aiweke kando atumie vidole. Lakini vidole vyangu vilikuwa juu ya mkono ule ule kwa dakika nzima, nami nikasoma nilichotaka kusoma.

Hasira ilipopoa nikaanza kuitilia shaka lugha yangu.

Tumeuita ugonjwa ule mshtuko wa moyo. Mshtuko ni nini? Ni kugutuka. Ni kupewa habari ya kifo njiani. Mtu akisikia neno hilo anaona moyo ulioruka, ulioshtuliwa, uliopoteza hatua. Ndiyo maana tunaficha habari mbaya kwa wazee, na ndiyo maana mapigo ya mjomba yalipokosa hatua akili yangu ilikimbilia huko moja kwa moja. Neno lilinishika mkono likanipeleka.

Ilhali kinachotokea hakina mshtuko wowote. Ni mshipa kuziba. Moyo hupeleka damu mwili mzima, lakini misuli yake yenyewe inalishwa na mishipa myembamba iliyoukumbatia kwa nje. Mafuta hujijenga miaka mingi kwenye ukuta wa mshipa mmojawapo, siku moja gamba lake linapasuka, damu inaganda juu ya jeraha hilo, njia inafungwa. Sehemu ya msuli iliyokuwa ikilishwa hapo inaanza kufa. Wakati huo huo mapigo yanaweza kuwa yanakwenda kwa mpango kamili kama saa ya ukutani.

Kisha kuna moyo kusimama, ambao nao tunauita jina hilo hilo. Juni 2021 Christian Eriksen alipoanguka uwanjani Copenhagen, Denmark ikicheza na Finland, tulikuwa tukitazama kwenye hoteli moja ya samaki kando ya ziwa, na meza zote zikasema mshtuko wa moyo. Haukuwa huo. Umeme wa moyo wake ulivurugika, moyo ukatetema badala ya kusukuma, wakamkandamiza kifua na kumpiga shoti ya umeme palepale nyasini. Miezi michache baadaye alikuwa akicheza Brentford, akiwa na kifaa ndani ya mwili kinachoweza kumpiga shoti hiyo tena ikihitajika.

Na kuna lile la mjomba, ambalo hospitalini huitwa atrial fibrillation lakini mtaani halina hata jina. Tunasema tu moyo unakwenda mbio. Au presha imepanda, neno ambalo kwetu hubeba ugonjwa, wasiwasi wa kodi ya nyumba na matokeo ya mtihani wa mtoto, vyote pamoja.

Karatasi yenye miraba

Daktari aliyenifungua macho hapa Kisumu ni mdogo kuliko dada yangu wa mwisho. Nilimpelekea karatasi ya ECG ya mjomba, ile picha ya umeme wa moyo, nikitaka anihakikishie kwamba sikukosea. Hakufanya hivyo. Aliiweka mezani, akanipa rula.

"Wewe ni mhasibu. Pima kutoka ncha hadi ncha."

Karatasi ile ni ya waridi, imechorwa miraba midogo ya milimita moja moja, na hupita kwenye mashine kwa mwendo wa milimita 25 kwa sekunde. Kila ncha ndefu ni pigo moja la vyumba vya chini. Nikapima: 14. Kisha 22. Kisha 11. Kisha 17. Kisha 25. Nilitafuta mpangilio kama ninavyotafuta kosa kwenye daftari la mkopo, kwa sababu hata wizi una mpangilio ukikaa nao muda wa kutosha. Haukuwepo.

Akanionyesha karatasi ya mtu mwingine, jina limefunikwa. Ncha zilikuwa 20, 20, 21, 20. Na kabla ya kila mlima palikuwa na kilima kidogo cha mviringo. "Hicho," akasema, "ni vyumba vya juu vikikaza. Kitafute kwa mjomba."

Kwa mjomba palikuwa na mstari unaotetemeka tu, kama maji ya sufuria yanayokaribia kuchemka.

Moyo mzima huwa na mshika ngoma mmoja. Ni kijisehemu kidogo juu upande wa kulia, kilichoonwa mara ya kwanza mwaka 1907 na Arthur Keith na mwanafunzi wake Martin Flack huko Uingereza, na waliyemchungulia hadi wakakiona alikuwa fuko, yule mnyama mdogo wa chini ya ardhi. (Mjomba alipoelezwa haya alicheka kwa nusu ya mdomo, kicheko chake cha kwanza tangu Jumatano ile.) Mshika ngoma anapiga, vyumba vya juu vinaitikia, kisha vya chini. Kwa mjomba, vyumba vya juu vilikuwa vimeacha kumfuata. Kila kipande cha msuli kilikuwa kinapiga chake, zaidi ya mara 300 kwa dakika, na katikati ya moyo kuna lango linalopunguza fujo hiyo, likipitisha pigo hili na kuzuia lile bila kanuni. Yanayopita ndiyo niliyoyahesabu kwenye benchi. Hayana pa kukaa. Alikuwa amelieleza vizuri kuliko kitabu.

Chumba kinachotetema hakimwagi damu yake vizuri. Upande wa kushoto wa vyumba hivyo vya juu kuna kifuko kama sikio dogo, na humo damu inatuama, na damu iliyotuama huganda. Bonge likichomoka linapanda na mkondo mkubwa kuelekea kichwani. Utafiti wa Framingham huko Marekani, ulioanza mwaka 1948 na kuwafuatilia wakazi wa mji mmoja kwa miongo, ulikuta kwamba mtu mwenye mapigo ya namna hii anakaribia mara 5 ya hatari ya kiharusi ya mwenzake asiye nayo. Kama chanzo ni vali ya moyo iliyokazwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni, ile inayoanza na koo lisilotibiwa, ni karibu mara 17. Jambo hilo la koo lingestahili makala yake, maana huku kwetu linawapata vijana kabisa.

Nikauliza nilichokuja kuuliza. "Na aspirini?"

Akanyamaza kidogo. Damu inayoganda kwenye jeraha la mshipa na damu inayoganda kwa kutuama, akasema, hazigandi kwa njia moja. Ya kwanza huanzishwa na chembe sahani za damu zinazokimbilia jeraha, na hapo aspirini ina kazi. Mtu anayezibwa mshipa wa moyo hata hupewa atafune. Ya pili inajifuma kwa nyuzi, taratibu, na aspirini hubaki inaitazama. Kinga yake ni dawa nyingine kabisa.

Kwa hiyo siku 19 mjomba alikuwa akimeza dawa ya nyumba ya jirani.

Nikakosea mara ya pili

Mtu aliyeumbuka hupenda kuegemea upande wa pili kwa uzito wote. Nikiwa bado kwenye foleni ya kulipa niliandika ujumbe wa kundi la familia: "Mapigo ya moyo kwenda ovyo HAKUHUSIANI na mshtuko wa moyo." Herufi kubwa na yote. Nikarudi mlangoni kumwonyesha daktari, kama mtoto anayeonyesha daftari.

"Futa," akasema.

Nilishangaa. Si ndilo somo alilonipa sasa hivi?

Akaniambia magonjwa hayo mawili ni ndugu. Hawalali kitanda kimoja, lakini wamekula chungu kimoja: presha isiyotibiwa, sukari, sigara, unene, umri. Aliye na mmoja ana sababu ya kumtafuta mwingine. Na wana njia za kutembeleana usiku.

Njia ya kwanza ndiyo mbaya kuliko zote. Mshipa unapoziba, msuli unaokufa njaa unaanza kutoa cheche za umeme, na vyumba vya chini, vile vyenye kazi yote, vinaweza kuanza kutetema. Hapo hakuna pigo lolote, ni dakika chache tu. Wengi wanaokufa saa za kwanza za mshtuko wa moyo hufa kwa vurugu hiyo ya umeme kabla kovu halijapata hata nafasi ya kutokea. Miaka ya 1960 daktari Frank Pantridge wa Belfast aliliona hilo, akaamua kwamba shoti imfuate mgonjwa alipo. Mashine yake ya kwanza ya kubeba, iliyotumia betri za gari, ilikuwa na uzito wa kilo 70 hivi. Waliopona nao hubaki na kovu, na umeme ukifika penye kovu hulazimika kuzunguka, na kuzunguka huko kunaweza kuzaa mbio za hatari miaka mingi baadaye. Mshtuko wa moyo unaweza vilevile kuleta mtetemo wa vyumba vya juu kama wa mjomba.

Kinyumenyume pia inawezekana. Moyo unaokimbia mapigo 150 kwa saa nyingi unataka damu nyingi, na kama mishipa yake tayari ni myembamba, msuli unaweza kuumia bila chochote kuziba. Na mara chache bonge lile la kwenye kifuko, badala ya kupanda kichwani, huingia kwenye mshipa wa moyo wenyewe.

"Sasa niandike nini?" nikamuuliza.

"Andika kwamba mtu apimwe ECG."

Niliandika hivyo. Watu wawili waliweka dole gumba, binamu mmoja akatuma video ya kitunguu saumu.

Wangu nao

Kuna jambo sikulisema mapema kwa sababu linaniaibisha. Kuanzia wiki ile ya hospitali, moyo wangu mimi ulianza vituko. Usiku, nimelala ubavu wa kushoto, nasikia dunda, dunda, kimya. Kimya kirefu cha kutosha mtu kutubu. Halafu DUNDA moja kama mtu ameparamia mlango.

Nilijipima mapigo mara kumi kwa siku. Nilijipima kwenye mikutano, mkono chini ya meza. Niliacha kupanda ngazi za ofisini. Na nilikuwa nakunywa chai ya rangi nzito kutwa nzima, nalala kwa muda wa saa nne tu kila usiku, jambo ambalo sikulihesabu kabisa, mimi mtu wa hesabu.

Nilipimwa ECG, nikapimwa eko, ile picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, nikavalishwa kile kijisanduku cha kurekodi moyo kwa saa 24. Karatasi ilionyesha safu ya 20, 20, 20, kisha pigo moja lililofika mapema, pana na la ajabu, kisha pengo, kisha safu tena.

Mjomba alikuwa ameshalieleza hili bila kujua: mpigaji aliyeruka, na unajua alipopaswa kukaa. Pigo la mapema hukuta chumba hakijajaa, kwa hiyo hulisikii. Unasikia pengo. Linalofuata limepata muda wa kujaza damu zaidi, ndilo linalopiga mlango. Daktari alisema watu wengi wazima wanayo, kwamba kwenye moyo usio na kasoro kwa kawaida hayana madhara, na kwamba angekuwa na maneno mengine kama ningekuwa nazimia, nabanwa kifua, au kama kwetu kungekuwa na mtu aliyekufa ghafla akiwa kijana.

Sikutosheka. Nilitaka kidonge cha kuyafuta.

Hapo ndipo aliponisimulia jambo ambalo nimelifikiria kuliko yote. Ilijulikana zamani kwamba mtu aliyepona mshtuko wa moyo, kisha akawa na mapigo mengi ya mapema, yuko kwenye hatari kubwa ya kufa ghafla. Na dawa za kuyazima mapigo hayo zilikuwepo. Kuna mtu gani asiyeona la kufanya? Madaktari wakawapa. Huko Marekani wakaamua walithibitishe kwa jaribio: watu 755 waliotoka kwenye mshtuko wa moyo wakapewa encainide au flecainide, na 743 wakapewa kidonge kitupu. Dawa zilikuwa zimeonyesha kwamba zinayazima mapigo yale. Karatasi zilitakata.

Waliokuwa kwenye dawa walikufa 63. Waliokuwa kwenye kidonge kitupu, 26.

Sehemu hiyo ya jaribio ilisimamishwa mwaka 1989. Wastani wa kuwafuatilia ulikuwa miezi 10 tu.

Nilirudi nyumbani kwa miguu siku hiyo, kutoka mjini hadi Nyalenda, nikizigeuza namba hizo kichwani. Ofisini nimewahi kuona karani akifuta deni kwenye daftari ili salio lipendeze, na mkopo wenyewe uko palepale unazaa riba. Mapigo yale yalikuwa habari kutoka kwenye msuli wenye kovu. Wakaizima habari, na dawa yenyewe, kwenye moyo wenye kovu, ikaleta vurugu zake. (Flecainide ingali inatumika leo, kwa mioyo isiyo na kovu, na wanaoimeza kwa maagizo wasiende kuitupa chooni kwa sababu yangu.)

Sikupewa kidonge. Nilipunguza chai, nikaanza kulala. Bado yanakuja, hasa mwisho wa mwezi.

Mboga

Mjomba alianzishiwa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, wiki mbili baada ya kiharusi, pamoja na kidonge cha kupunguza mbio za moyo, na cha presha ambacho sasa hasahau. Warfarini ina historia ya ajabu inayofaa kusimuliwa kwa wafugaji. Mwaka 1933 mkulima mmoja wa Wisconsin aliingia chuo kikuu cha huko na mkebe wa maziwa uliojaa damu isiyoganda: ng'ombe wake walikuwa wanavuja damu na kufa baada ya kula majani yaliyovunda. Kutokana na kemikali iliyopatikana kwenye majani hayo ilitengenezwa dawa hii, ikauzwa kwanza kama sumu ya panya mwaka 1948, na mwaka 1954 ikaruhusiwa kwa binadamu. Rais Eisenhower alipopata mshtuko wa moyo mwaka 1955, alipewa hiyo hiyo. Ndugu wawili tena, chungu kimoja.

Shida yake ni mboga. Vitamini K iliyo kwenye majani ya kijani huipinga, na damu hupimwa mara kwa mara kwa kipimo kiitwacho INR, cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, ambacho kwa mjomba kinatakiwa kikae kati ya 2 na 3. Mtu fulani katika korido alimwambia mkaza mjomba, "Asiguse mboga," na mama yule, aliyelea watoto sita kwa kunde, mrenda na saga za nyuma ya nyumba, akamlisha mumewe viazi na maharagwe wiki tatu. INR ikatulia. Kisha wageni wakaja, pakapikwa sufuria ya managu ya maziwa, na mwanamume aliyekuwa na njaa ya majani akala hadi akalala. Kipimo kilichofuata, 1.4.

Mfamasia ndiye aliyewaweka sawa. Mboga ale. Ale kiasi kile kile, leo kama jana, na dawa itapangwa kuizunguka mboga. Mkaza mjomba alitoka pale akiwa amenyooka mgongo, mtu aliyerudishiwa shamba lake. Sasa anapima sukuma wiki kwa bakuli la plastiki la bluu, hadi mstari wa pili, na ole wake atakayeongeza.

Benchi

Jumamosi iliyopita nilipanda matatu: Kiboswa, Majengo, Mbale, Chavakali, Khayega. Mjomba alikuwa kwenye benchi lile lile, ngoma ndogo mapajani, mkono wa kushoto ukiigonga taratibu. Ule wa kulia ulikuwa umelazwa juu ya ngozi ya ngoma, umetulia, kama mtoto aliyepelekwa kutazama tu.

Akauondoa mkono wa kushoto kwenye ngoma, akanyanyua wa kulia nao, akaniletea.

Safari hii sikutazama saa kwanza. Nilishika nikasikiliza. Yalikuwa ya polepole zaidi, na nilipoyahesabu kwa dakika nzima nilipata 76.

"Yanakwendaje?" akauliza. Maneno yanatoka taratibu siku hizi, moja moja, lakini yanatoka.

"Hayana pa kukaa, mjomba."

"Ee," akasema, kama mwalimu aliyepewa jibu.

Mkaza mjomba akatoka jikoni na chai kwenye kikombe cha plastiki. "Kifua je?" akauliza, kwa mazoea, kisha akajisikia, akaguna. Akakiweka kikombe kwenye kiganja cha kulia, akavifunga vidole kimoja kimoja kukizunguka, akaachia. Mkono wake ukabaki chini ya ule wa mumewe, bila kuugusa.

Kikombe kilipanda hadi kidevuni, kikayumba, kikafika. Chai nusu ilikuwa kwenye shati.